Mkono Uliojifanya Mashine: Kazi za Uanagenzi za Marianne Brandt katika Shule ya Bauhaus

1. Utangulizi

Fundi na mwanafunzi, katika Kiswahili, ni watoto wa mzizi mmoja. Kitenzi -funda, yaani kumtia mtu maarifa na mwenendo, ndicho kilichomzaa fundi, mtu aliyekwisha kufundwa hata akaweza kuwafunda wengine. Na -funza, umbo lake la kutendesha, ndilo lililomzaa mwanafunzi, mtu ambaye bado yumo njiani. Lugha, kwa hiyo, haikuweka ukuta baina ya darasa na karakana. Ukuta huo umejengwa na shule: mwanafunzi akapewa kalamu, fundi akaachiwa nyundo, na kila mmoja akazoea kumtazama mwenzake kwa mbali.

Iko shule moja ya Ujerumani iliyojaribu kuubomoa ukuta huo. Bauhaus, jina ambalo tafsiri yake ya karibu ni "nyumba ya ujenzi", ilianzishwa Weimar mwaka 1919 na msanifu majengo Walter Gropius. Ikahamia Dessau mwaka 1925, kisha Berlin mwaka 1932, na mwaka 1933 ikafungwa kwa shinikizo la utawala wa Wanazi. Katika miaka yake ya kwanza haikutaka hata vyeo vya chuo kikuu. Mahali pa profesa na mwanafunzi palikaa fundi mkuu, fundi na mwanagenzi, kama ilivyokuwa katika vyama vya mafundi wa Ulaya ya kale. Kila karakana iliongozwa na watu wawili: msanii aliyefundisha umbo, na fundi aliyefundisha kazi ya mkono.

Makala haya yanahakiki kazi za mwanagenzi mmoja wa shule hiyo, Marianne Brandt (1893–1983): birika lake la chai, vyombo vyake vya majivu ya sigara, na taa zake. Kazi hizo zimesifiwa katika vitabu vingi, na sifa kubwa kuliko zote hupewa birika. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba sifa hiyo imeangukia pasipo pake: birika ni ahadi, na taa ndizo utekelezaji wa ahadi hiyo. Tofauti hii inapita ladha ya mtu. Inagusa swali linaloikabili kila shule inayofundisha kazi za mikono: je, mwanafunzi anatengeneza chombo ili kitazamwe, au ili kitumike?

2. Nusu tufe za mwanagenzi

Marianne Brandt alizaliwa Chemnitz, mji wa viwanda katika nchi ya Saksonia, tarehe 1 Oktoba 1893. Alisomea uchoraji na uchongaji Weimar, na mwaka 1919 akaolewa na mchoraji wa Kinorwe, Erik Brandt. Alipoingia Bauhaus mwanzoni mwa mwaka 1924, alikuwa na umri wa miaka 30 na alikuwa amekwisha kuhitimu kama msanii. Hata hivyo alikubali kuanza upya kama mwanagenzi. Na inasimuliwa kwamba michoro yake ya zamani aliichoma moto mwenyewe. Mtu anayechoma kazi zake za jana hakuja shuleni kutafuta cheti cha pili.

Aliyekitambua kipaji chake ni László Moholy-Nagy, msanii kutoka Hungaria, aliyeiongoza karakana ya metali tangu mwaka 1923. Ni yeye aliyemfungulia mlango wa karakana hiyo. Mlango huo haukuwa mwepesi. Mwaka 1919 wanawake walijiandikisha kwa wingi katika Bauhaus, kwa kuwa shule iliahidi kutobagua. Lakini baada ya muda mfupi uongozi uliona kwamba mahali panapowafaa ni karakana ya ufumaji, na wengi wakaelekezwa huko. Nyuzi zikawa za wanawake, metali na mbao zikawa za wanaume.

Katika uzee wake Brandt alisimulia jinsi wenzake walivyompokea. Walimpa kazi zilizokuwa ngumu na za kuchosha. Alifua kwa nyundo nusu tufe ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, kutokana na Neusilber, metali ambayo jina lake lina maana ya "fedha mpya" ingawa ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki tu, na ambayo hupasuka upesi chini ya nyundo isiyo na uzoefu. Aliamini kwamba ndivyo kazi inavyoanza, kwa maana mwanzo wa kila jambo ni mgumu. Baadaye wenzake walimkiri ukweli: hawakuona kwamba mwanamke ana nafasi katika karakana ya metali, na kazi zile zilikuwa njia ya kumwonyesha hivyo.

Mhakiki anayezitazama kazi za Brandt hawezi kuipita habari hii bila kusimama. Nusu tufe, umbo alilopewa kana kwamba ni adhabu, ndilo umbo linaloonekana katika karibu kila chombo alichokitengeneza baadaye: tumbo la birika, kikombe cha majivu, kofia ya taa. Iwe ni bahati au ni ukaidi, mkono uliolazimishwa kurudia umbo moja ulifika mahali ukalijua umbo hilo kuliko mikono ya wale waliomlazimisha.

3. Birika namba MT 49

Mwaka 1924, mwaka ule ule wa kuingia kwake, Brandt alitengeneza birika ambalo katika orodha za karakana lilipewa namba MT 49. Ni chombo kidogo sana. Kimo chake ni kama sentimita 7 tu. Udogo huo una sababu. Birika hilo halikukusudiwa kujaza vikombe vya familia nzima. Linatengeneza kiini cha chai, yaani chai kali sana, ambayo kila mnywaji huitia kidogo katika kikombe chake na kuizimua kwa maji ya moto. Ndani yake mna chujio la kuzuia majani.

Umbo lake linaweza kuelezwa kwa maneno machache, na huo ni sehemu ya uzuri wake. Tumbo ni nusu tufe. Kitako ni vipande viwili vilivyopishana mfano wa msalaba, vikiliinua tumbo lisiguse meza. Kifuniko ni duara, lakini hakikuwekwa katikati. Kimesogezwa upande wa nyuma, karibu na mkono wa birika, ili chai isidondoke wakati wa kumimina. Mdomo ni mrija ulionyooka. Mkono wa birika ni bapa la nusu duara la mpingo, mti ambao haupitishi joto, hivyo vidole haviungui. Pembetatu, mraba, duara na tufe, maumbo yaliyofundishwa katika mafunzo ya awali ya Bauhaus, yote yamo au yanadokezwa humo. Na kila moja lina kazi.

Sifa ya kwanza ya birika hili, basi, ni kwamba linajieleza lenyewe. Mtu anayelishika kwa mara ya kwanza anaona mara moja pa kushika, pa kufunulia na pa kumiminia. Hakuna ua lililochorwa, hakuna nakshi ya kuficha kiungo. Hata utupu wa chini ya tumbo, ule upenyo unaoachwa na kitako cha msalaba, umefikiriwa: unalifanya birika lionekane jepesi ingawa ni la metali. Vyombo vya majivu vya mwaka huo huo vinafuata njia hiyo hiyo. Kimoja ni nusu tufe ambayo kifuniko chake kina tundu la pembetatu lililosogezwa kutoka katikati. Kingine kina kifuniko kinachoinama ili majivu yaanguke ndani na yasionekane tena. Katika vyote viwili jicho linapata duara lililovunjwa kidogo tu, na uvunjaji huo ndio unaofanya kazi.

Sifa ya pili ndiyo yenye utata. Birika linaonekana kana kwamba limetoka kiwandani asubuhi hiyo, nalo limefuliwa kwa mkono. Nusu tufe yake ilifuliwa kwa nyundo kama zile za majaribio. Kitako, mrija na kiti cha mkono viliungwa kwa lehemu, kiungo kwa kiungo. Kisha nyundo ilifutwa. Baadhi ya mafundi wa fedha waliacha alama za nyundo juu ya chombo kama sahihi yao. Brandt alizisugua hadi zikapotea, ili uso wa metali uwe laini kama uso wa kitu ambacho hakikuguswa na mtu. Nakala chache tu zilitengenezwa, nyingine za fedha, nyingine za shaba ya manjano, na zinatofautiana kidogo kidogo, kama vinavyotofautiana vyombo vyote vya mkono. Mkono ulijifanya mashine, na kwa kujifanya huko ulifanya kazi nyingi zaidi kuliko ambayo mashine ingefanya.

4. Soko la Leipzig

Mwaka 1923 Gropius aliigeuza njia ya shule. Kuanzia maonyesho makubwa ya Weimar ya mwaka huo, wito wake ulikuwa kuunganisha sanaa na tekinolojia. Karakana zilitakiwa ziwe maabara: mwanagenzi atengeneze kielelezo, kiwanda kikitoe kwa maelfu, na nyumba za watu wa kawaida zipate vyombo vizuri kwa bei nafuu. Hapo ndipo kazi ya mwanagenzi ilipopata uzito mpya. Haikuhukumiwa tena kwa mkono wake peke yake. Ilihukumiwa pia kwa ahadi iliyobeba.

Ahadi hiyo ilipimwa sokoni upesi. Wilhelm Wagenfeld, mwanagenzi mwenzake Brandt katika karakana ya metali, alikuwa ametengeneza pamoja na Karl Jakob Jucker taa ya meza yenye kofia ya kioo cheupe kama maziwa, taa ambayo leo inajulikana duniani kote. Mwaka 1924 Wagenfeld aliipeleka katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Alisimulia baadaye kwamba wafanyabiashara na wenye viwanda walicheka: vitu vilivyoonekana kama bidhaa rahisi za mashine vilikuwa, kumbe, kazi za mkono za bei ghali.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leipzig methali hiyo ilishindwa, na kushindwa kwake kunafundisha. Kicheko cha wafanyabiashara hakikuwa cha ujinga. Walikuwa wameona jambo ambalo walimu wa Bauhaus walikuwa bado hawajaliona vizuri: kwamba umbo lililo jepesi kulichora kwa bikari na rula si lazima liwe jepesi kulitengeneza. Mashine haijui duara wala pembetatu. Inajua kalibu, unene wa bati, na idadi ya viungo. Birika la Brandt lina viungo vingi, na kila kimoja kinadai mkono wa fundi stadi. Lingeweza kuingia kiwandani kwa kubadilishwa sana tu, na pengine lisingebaki birika lile lile.

Wapo watakaosema kwamba hukumu hii ni kali, kwa kuwa kielelezo si bidhaa. Hoja hiyo ina nguvu. Mwanagenzi wa mwaka mmoja hawezi kulaumiwa kwa kukosa kiwanda, na kazi ya mkono haipungukiwi thamani kwa kuwa ni ya mkono. Lakini birika halikuomba kutazamwa kama kazi ya mkono. Kwa uso wake laini lilidai kuwa ni mfano wa bidhaa za kesho, na dai hilo ndilo linalopaswa kupimwa. Historia imelipima kwa namna ya kusikitisha kidogo. Mwaka 2007 nakala moja iliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola 300,000 za Marekani. Nyingine zimo katika majumba ya makumbusho, pamoja na lile la Uingereza mjini London. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya meza ya kila mtu kimeishia nyuma ya kioo, ambako hakuna anayekunywa chai.

5. Kutoka chombo hadi mwanga

Shule ilipohamia Dessau, Brandt aligeukia taa. Jengo jipya lililochorwa na Gropius lilizinduliwa mwaka 1926, na karakana ya metali ilipewa kazi ya kuliangaza. Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Taa nyingi za umeme za wakati ule zilikuwa bado zinavaa nguo za mshumaa na za taa ya mafuta: maua ya shaba, pindo za hariri, shanga za kioo. Balbu, kitu kipya kabisa, ilifichwa kama aibu. Karakana ilianza na swali jingine: mwanga unatakiwa uangukie wapi, na jicho la nani linatakiwa likingwe?

Jibu zuri la kwanza ni taa ya kuning'inia ambayo Brandt aliitengeneza mwaka 1926 pamoja na Hans Przyrembel. Kofia yake ni ya alumini, nyepesi, bila pambo. Inaning'inia kwa kapi na uzito wa kusawazisha, hivyo anayefanya kazi chini yake anaweza kuivuta ikaribie meza au kuiinua iangaze chumba. Taa hiyo inastahili kulinganishwa na birika hatua kwa hatua. Katika birika, umbo liliamuliwa na msanifu mara moja na kwa daima. Katika taa, msanifu amemwachia mtumiaji sehemu ya uamuzi. Katika birika, metali inang'aa ili ionekane. Katika taa, metali iko ili kitu kingine kionekane: kitambaa, kitabu, mkono wa mtu anayefanya kazi.

Mwaka 1928 Moholy-Nagy aliondoka, na Brandt akakabidhiwa uongozi wa karakana kwa muda. Mwanamke aliyefulishwa nusu tufe ili akate tamaa sasa ndiye aliyezungumza na wenye viwanda. Mapatano yaliyozaa matunda zaidi yalikuwa na kampuni ya Körting & Mathiesen ya Leipzig, mji ule ule wa kicheko cha mwaka 1924. Taa za kampuni hiyo ziliitwa Kandem, jina lililotokana na matamshi ya herufi K na M za wenye kampuni. Wanagenzi hawakuenda huko kuonyesha vielelezo tu. Walijifunza mashine za kampuni zinaweza nini, wakarekebisha taa zilizokwisha kuwapo, wakapima pembe ya kofia na namna mwanga unavyotawanyika.

Tunda linalojulikana zaidi ni taa ya kitandani ya mwaka 1928, ambayo Brandt aliisanifu pamoja na Hin Bredendieck. Kofia yake ni kama kengele ndogo ya bati lililopakwa rangi. Inaweza kuelekezwa kwenye ukurasa bila kumwamsha anayelala pembeni. Shingo yake inageuka. Kitako chake ni kizito cha kutosha kisipinduke, na juu ya kitako, mbele kabisa, kuna kitufe cha kubonyeza ambacho kidole cha mtu mwenye usingizi kinakipata gizani bila kutafuta. Vipande vyake vinatoka katika kalibu. Viungo ni vichache. Iliuzwa kwa wingi, ikaigwa na kampuni nyingi, na hata leo ni vigumu kuingia duka la taa bila kukutana na mjukuu wake.

Ni kweli kwamba taa hii haishangazi macho. Mtu akiiweka kando ya birika la MT 49, mgeni atalikimbilia birika. Lakini uhakiki wa vyombo hauwezi kumalizika machoni. Katika taa ya kitandani maarifa yote ya birika yamehifadhiwa: sehemu zinazojieleza, kituo kilichosogezwa kutoka katikati kwa sababu ya kazi, uso usio na pambo. Kilichoondoka ni lile dai la kutazamwa. Ahadi ya mwaka 1924, vyombo vizuri vya watu wengi, hapa imetimizwa, na imetimizwa na mtu yule yule baada ya miaka minne tu.

6. Jina na mkono

Kwa nini, basi, birika ndilo lililopata jina? Sababu ya kwanza ni uchache. Kilicho kichache hupanda bei, na kilichopanda bei huandikiwa vitabu. Sababu ya pili ni kwamba birika ni la mtu mmoja, na historia ya sanaa hupenda jina moja chini ya kitu kimoja. Taa ni za wengi: Brandt na Przyrembel, Brandt na Bredendieck, pamoja na mafundi wa kiwanda ambao majina yao hayatajwi. Ziliuzwa kwa jina la Kandem. Kadiri taa ilivyofaulu, ndivyo mkono uliouanza umbo wake ulivyopotea.

Hatima ya Brandt mwenyewe ilifuata njia hiyo. Mwaka 1929 alipata stashahada na kuondoka Bauhaus. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika ofisi ya Gropius mjini Berlin, kisha katika kiwanda cha vyombo vya metali cha Ruppel mjini Gotha, ambako hadi mwaka 1932 alisanifu vitu vidogo vya nyumbani na vya ofisini kwa bati la rangi: vyombo vya wino, vishikio vya vitabu. Kazi ilipokwisha alirudi Chemnitz, na miaka ya Wanazi ilimpita bila ajira ya kudumu. Baada ya vita alifundisha Dresden na Berlin ya Mashariki, akastaafu, na akafariki mwaka 1983 katika mji mdogo wa Kirchberg. Heshima kubwa ya kimataifa ilimfikia akiwa mzee, au haikumkuta tena.

Ziko picha alizojipiga mwishoni mwa miaka ya 1920, akijitazama katika tufe linalong'aa. Uso wake umo humo, mdogo, umepindishwa na mviringo, na karakana nzima imemzunguka. Kwa mtu aliyefuta alama za nyundo yake kwa uangalifu namna ile, huenda hiyo ndiyo sahihi pekee aliyokubali kuiacha juu ya metali.

7. Hitimisho

Hoja ya makala haya inaweza kufupishwa hivi. Birika la MT 49 ni kazi nzuri ya mwanagenzi iliyodai kuwa ya mashine ilhali ilikuwa ya mkono. Uzuri wake ni wa kweli, dai lake halikutimia. Taa za mwaka 1926 na 1928 hazidai kitu, na zimetimiza. Shule iliyomfunza Brandt inastahili sifa kwa vyote viwili, kwa sababu bila birika taa zisingezaliwa. Lakini ikiwa lazima kimoja kiwekwe mbele ya wanafunzi kama mfano, kiwekwe taa.

Suala hili si la Ujerumani peke yake. Lubumbashi, mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, una aina mbili za mafundi wa metali ambao mara chache hutajwa pamoja. Wa kwanza hufua bati la shaba na kulitia picha, miti, nyuso na wanyama; kazi zao hutundikwa ukutani, hununuliwa na wageni, na huitwa sanaa. Wa pili hukata bati chakavu na kutengeneza mbabula, jiko la makaa linalopika chakula cha nyumba nyingi za mji. Kazi zao huwekwa chini, hununuliwa na akina mama, na haziitwi chochote. Mwanafunzi anayeandika juu ya kazi za mikono humwendea fundi wa kwanza. Kwa wa pili hapeleki hata daftari.

Kumdharau fundi wa shaba kwa sababu hiyo kungekuwa kosa, kama ambavyo kulidharau birika kungekuwa kosa. Lakini mbabula nayo ni kazi ya umbo: upana wa mdomo, idadi ya matundu, urefu wa miguu, mahali pa kutolea majivu, yote hayo yameamuliwa na mikono mingi kwa muda mrefu, na yote yanaweza kuhakikiwa. Je, joto linaenda kwenye sufuria au linapotea pembeni? Je, mtoto anaweza kuipindua? Je, matundu yakipunguzwa, gunia la makaa litadumu zaidi? Maswali haya ndiyo yale yale yaliyoulizwa Dessau juu ya balbu na ukurasa, na hayahitaji kiwanda ili yaanze kuulizwa. Yanahitaji mwanafunzi aketi kando ya fundi, na fundi akubali kuulizwa.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kusoma shairi, riwaya na tamthilia, na kwa hayo una istilahi za kutosha. Kwa chombo na taa, maneno yapo tayari katika vinywa vya mafundi: kalibu, lehemu, kapi, kitako, chujio. Kinachosubiriwa ni msomi wa kuyachukua na kuyatumia kwa makini ule ule anaoutumia kwa vina na mizani. Mwanafunzi wa Lubumbashi, ambaye umeme humkatikia katikati ya ukurasa, anajua bila kufundishwa kwamba taa ni jambo la kufikiriwa. Akianza kuifikiria kama fundi, atakuwa amerudi kwenye mzizi wa neno linalomwita.